Gari la Kuvuta Mbele au la Kusukuma Nyuma? Namna ya Kulitambua, Kulichagua na Kulipitisha Kwenye Tope la Uganda

"Mark X itapanda kwetu milimani Kapchorwa wakati wa mvua?" "Muuzaji anasema Noah inavuta mbele, fundi anasema inasukuma nyuma, nimwamini nani?" "Kwa nini Wish yangu ilikwama pale pale Hiace ya abiria ilipopita?"

Kila mvua za Machi zikikaribia, na tena Septemba, maswali haya yanarudi, hasa kwa wanaotafuta gari la kwanza. Wengi wameshaweka akiba, wameshazunguka mabondi ya Nakawa, yaani yadi za magari yaliyoagizwa nje ambayo bado hayajalipiwa ushuru, na walichoambiwa ni kwamba gari ni safi kabisa. Fuata hatua zilizo hapa chini kuanzia nyumbani kwako mpaka bondi, na baadaye mpaka kilimani.

Maneno machache ya msingi, kisha kazi ianze. Injini huzungusha tairi za mbele, au za nyuma, au zote nne. Kwenye gari linalovuta mbele, injini, gia boksi na difu (kifaa kinachogawa nguvu kwa tairi ya kushoto na ya kulia) zimekusanywa pamoja chini ya boneti, na shafti mbili fupi zinapeleka nguvu kwenye tairi za mbele. Kwenye gari linalosukuma nyuma, nguvu inatoka gia boksi, inapita kwenye propela, yaani bomba refu lililo chini ya sakafu, mpaka difu ya nyuma. Tairi hushika ardhi kwa uzito ulio juu yake. Shika hilo, maana karibu kila ushauri unaofuata unatoka hapo: uzito umekaa wapi, na tairi zinazofanya kazi ziko wapi.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Tochi. Ya simu inatosha kama ni mchana.
- Gunia au kipande cha turubai cha kulalia chini.
- Simu ya kupiga picha uvungu wa gari.
- Daftari na kalamu.
- Nakala ya kadi ya gari, au karatasi ya mnada wa Japani kama gari bado liko bondi.
- Mawe mawili au vipande vya mbao vya kuzuia tairi.
- Fundi unayemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji anaweza kuwa mtu mzuri sana, lakini siku hiyo anamfanyia kazi muuzaji.

Hatua ya 1: Andika barabara zako

Usianze na gari. Anza na daftari. Andika njia unazopita kila wiki, halafu zile unazopita mara chache lakini lazima upite: kwenda kwa wazazi Desemba, kwenda msibani, kwenda shambani. Mbele ya kila njia andika mambo matatu: ni lami au murram (udongo wa changarawe), kuna mlima mkali kiasi gani, na gari litakuwa na mzigo gani.

Mtu anayekaa Ntinda, anafanya kazi mjini na anashuka Entebbe mara moja moja, daftari lake litakuwa fupi. Mtu wa Bududa anayerudi nyumbani na magunia, au wa Kisoro mwenye shamba juu ya mteremko, atakuwa na la kuandika. Hata ndani ya Kampala kuna watu wanaosahau mita 100 za mwisho. Barabara kuu ya Muyenga au Buziga ni lami, lakini njia ya kuingia getini ni murram iliyochimbwa na maji, na inapanda kama ngazi. Mita hizo 100 ndizo utakazopita kila siku, mara mbili. Ziandike.

Kama njia yako inapita kwenye udongo mweusi unaonata wa Karamoja, jua mapema kwamba mvua ikinyesha vizuri hakuna jibu la mbele wala la nyuma. Udongo ule hujaza meno ya tairi mpaka tairi inakuwa laini kabisa. Hata gari la tairi nne mara nyingi linangoja njia ikauke.

Hatua ya 2: Soma karatasi na namba ya fremu

Jina la gari halitoshi kukuambia linaendeshwa na tairi zipi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, na mara nyingine hata muuzaji mwenyewe hajui.

Mfano mzuri ni Noah. Zile za zamani zenye fremu ya SR40, zilizotengenezwa mpaka 2001, zinasukuma nyuma. Zilizofuata, AZR60, zinavuta mbele. Jina moja, gari mbili tofauti kabisa chini ya sakafu. Kwa hiyo fundi na muuzaji wanaobishana kuhusu Noah wanaweza wote kuwa wakweli, kila mmoja akifikiria ile aliyoizoea.

Karatasi nyingi za Japani huandika kwa herufi. FF maana yake injini iko mbele na tairi za mbele ndizo zinazovuta. FR ni injini mbele, tairi za nyuma zinasukuma. 4WD ni tairi zote nne. Ukikuta imeandikwa 2WD peke yake, bado hujajibiwa, kwa sababu inaweza kuwa mbele au nyuma.

Kisha angalia namba ya fremu yenyewe, siyo ile aliyokusomea mtu kwenye simu. Baadhi ya zinazoonekana sana Uganda:

- Premio na Allion: ZZT240 inavuta mbele, ZZT245 ni ya tairi nne.
- Wish: ZNE10 inavuta mbele, ZNE14 ni ya tairi nne.
- Noah: AZR60 inavuta mbele, AZR65 ni ya tairi nne. SR40 inasukuma nyuma, SR50 ni ya tairi nne.
- Mark X ya kwanza: GRX120 na GRX121 zinasukuma nyuma, GRX125 ni ya tairi nne.

Vitz, Passo, Spacio, Ipsum na Probox, kama si za tairi nne, zinavuta mbele. Mark II, Crown, Altezza, Brevis, Hiace na Nissan Caravan, kama si za tairi nne, zinasukuma nyuma. Hilux yenye kiwiko cha kuingiza tairi nne inasukuma nyuma wakati wote ambao hujakivuta kiwiko hicho. Subaru nyingi ni za tairi nne muda wote, lakini ziko Impreza za injini ndogo zinazovuta mbele tu, kwa hiyo usikubali neno "Subaru" kuwa jibu. Harrier na RAV4 vilevile zipo za aina mbili, na nje zinafanana kama mapacha.

Jambo moja la sheria linalogusa uchaguzi wako: tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Mark II na Noah za SR40 kwa hiyo haziji tena kutoka Japani. Ukiiona inauzwa, imeshatembea barabara zetu kwa miaka mingi. Ikague kwa jicho hilo, hasa propela na difu.

Hatua ya 3: Fungua boneti

Tazama injini imelala vipi. Kama mikanda inatazama ubavuni, upande wa tairi, injini imewekwa kwa upana, na gari hilo kwa kawaida linavuta mbele au ni la tairi nne. Kama mikanda inatazama rejeta, injini imewekwa kwa urefu, na kwa kawaida gari linasukuma nyuma. Nimesema kwa kawaida kwa sababu Subaru na baadhi ya Audi zina injini ya urefu lakini hazisukumi nyuma peke yake. Kwenye Hiace usihangaike na boneti. Injini iko chini ya viti vya mbele.

Hatua ya 4: Lala chini utazame mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayomaliza ubishi. Gari liwe tambarare, limezimwa, handbreki juu, mawe yamezuia tairi. Usiingie uvunguni mwa gari lililoinuliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki huteleza, na gari likishuka halikungoji. Kukagua hivi hakuhitaji kuinua gari: weka gunia, lala kando, nyosha mkono wenye tochi.

Tazama nyuma kwanza. Ukiona difu, chuma kama mpira katikati ya tairi za nyuma, na bomba refu linalokuja kutoka mbele, tairi za nyuma zinafanya kazi. Sasa tazama nyuma ya tairi za mbele. Ukiona shafti zinazoingia kwenye tairi, zenye buti za mpira zilizokunjamana, tairi za mbele zinafanya kazi. Ukiona vyote viwili, ni la tairi nne. Piga picha.

Ukiwa huko chini, usitoke kabla ya kukagua haya.

Kwa gari linalovuta mbele, mulika buti zote nne za shafti, mbili kila upande. Buti iliyopasuka hurusha grisi, kwa hiyo utaona weusi wa mafuta ndani ya rimu na kwenye vyuma vya jirani. Grisi ikitoka, mchanga na maji vinaingia, na jointi, kiungo cha shafti kilichofunikwa na buti, inaanza kufa. Buti ni kitu cha bei ndogo. Jointi siyo.

Kwa gari linalosukuma nyuma, shika propela kwa mkono uizungushe kidogo huku na huku. Mchezo kidogo ni wa kawaida. Mchezo mkubwa wenye mlio wa "tok" kwenye kiungo unaonyesha krosi, yaani viungo vya propela, zimekwisha. Tazama pia beringi ya katikati ya propela kama gari linayo. Mpira wake ukichanika, propela inaning'inia. Malizia na difu: mafuta yaliyolowesha upande wa mbele wa difu yanaonyesha sili imechoka, na difu iliyokaa bila mafuta ya kutosha husagika kimya kimya mpaka siku inapoanza kulia.

Hatua ya 5: Liendeshe, na usiwashe redio

Nenda sehemu pana. Kata steringi mpaka mwisho kulia, tembea polepole mzunguko mzima. Rudia kushoto. Mlio wa "ka-ka-ka-ka" unaofuata mwendo wa tairi ni jointi ya nje ya shafti ya mbele.

Simama, kanyaga breki, toa gia kwenye P uweke D, kisha R, kisha D tena. Gari linalosukuma nyuma likipiga "kong" chini ya sakafu kila unapobadilisha, rudi kwenye krosi na difu.

Halafu barabara kuu. Panda taratibu mpaka kilomita 80 kwa saa, achia mafuta, kanyaga tena. Mlio wa kuimba unaobadilika unapoachia na kukanyaga, ukitokea nyuma, ni wa difu. Mtetemo wa sakafu unaoongezeka na mwendo unaweza kuwa propela isiyolingana au beringi ya katikati. Mtetemo wa steringi ni jambo lingine. Anza na kusawazisha tairi.

Mwisho, tafuta murram yenye kokoto na mwinuko kidogo, mahali pasipo na watu. Ondoka kwa nguvu kiasi. Kokoto zitaruka kutoka kwenye tairi zinazofanya kazi. Mwenzako asimame pembeni mbali, asisimame nyuma ya gari.

Hatua ya 6: Amua kwa daftari lako

Sasa rudi kwenye ulichoandika hatua ya 1.

Kama maisha yako ni lami, foleni za Kampala na safari za Masaka au Jinja, nunua gari linalovuta mbele bila kujiuliza mara mbili. Ni jepesi zaidi, sakafu ni pana ndani kwa sababu hakuna propela inayopita, na vipuri vya Premio, Wish au Vitz utavipata sokoni Kisekka hata ukifika jioni. Kwenye mvua, injini iliyo juu ya tairi za mbele inazipa uzito wa kushika, na gari tupu la kuvuta mbele kwa kawaida linaondoka kwenye utelezi vizuri kuliko gari tupu la kusukuma nyuma.

Kama unabeba mzigo kila siku au abiria kumi na zaidi, kusukuma nyuma ndiko kuna maana. Mzigo unakaa juu ya tairi zinazofanya kazi, na kwenye mlima uzito unazidi kurudi nyuma. Ndiyo maana Hiace, Canter na Elf zimejengwa hivyo. Na ndiyo maana Hiace iliyojaa ilipita palipokwama ile Wish, ingawa dereva wake angekuwa peke yake, gari tupu, pengine angeteleza yeye.

Kwa wanaopenda Mark X, nasema waziwazi: ni gari tamu sana kwenye barabara ya Mbarara, linakata kona kwa utulivu na steringi yake haivutwi na injini ukikanyaga mafuta. Lakini liko chini, na murram iliyochimbika italikwangua tumbo kabla hujafika kwenye swali la mbele au nyuma. Pia usilinganishe mafuta yake na ya Premio ukasema tofauti yote ni ya kusukuma nyuma. Mark X ya kwanza ina injini ya lita 2.5 au 3.0, Premio ni 1.5 mpaka 2.0. Sehemu kubwa ya tofauti iko kwenye injini. Propela na difu ya nyuma zinaongeza uzito na kula nguvu kidogo tu.

Na kama daftari lako linaonyesha mlima wa tope unaoupanda mvua ikinyesha, mara nyingi, ukiwa na familia ndani? Tafuta la tairi nne, au la kuvuta mbele lililo juu, lenye tairi nzuri, na uwe tayari kuliacha kituoni siku mbili tatu za mwaka. Gari la chini la kusukuma nyuma kwa njia ya namna hiyo siwezi kumshauri mtu ninayemjali alinunue.

Hatua ya 7: Panga tairi na mzigo

Tairi zina nguvu ya kubadilisha matokeo kuliko aina ya gari. Gari la kuvuta mbele lenye tairi zenye meno litalishinda la tairi nne lenye vipara.

Gari la kuvuta mbele hula tairi za mbele haraka, kwa sababu hizo hizo zinavuta, zinakata kona na kubeba kazi kubwa ya breki. Zibadilishane na za nyuma kila kilomita 8,000 mpaka 10,000. Upepo ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, siyo mazoea ya kijana wa petroli.

Ukinunua tairi mbili tu, weka mpya nyuma. Najua wengi watakataa, hasa wenye gari la kuvuta mbele, lakini sababu ni hii: mbele ikiteleza kwenye maji, gari linakwenda moja kwa moja na ukiachia mafuta lina nafasi ya kurudi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka, na dereva wengi hawawezi kulirudisha. Hiyo ni kweli kwa magari ya aina zote mbili.

Mzigo nao. Gari la kuvuta mbele lililojazwa magunia ya matoke nyuma, sehemu ya mizigo, linainua pua, na tairi zinazovuta zinapoteza uzito ule ule zinaouhitaji mlimani. Vitu vizito viweke mbele kadiri inavyowezekana, sakafuni nyuma ya viti vya mbele, vifungwe visiruke. Kwa gari la kusukuma nyuma lililo tupu, magunia mawili ya mchanga juu ya difu yanasaidia sana msimu wa mvua.

Hatua ya 8: Kupanda tope

1. Simama chini ya mlima, shuka, tembea kwa miguu mpaka uone sehemu mbaya. Chagua mstari kabla.
2. Zima kidhibiti cha kuteleza kama gari linacho na kama kinakata nguvu kabisa kwenye tope. Kirudishe ukimaliza.
3. Weka gia ya chini, L au 2 kwa otomatiki, ya pili kwa manyuo (gia za mkono) kama injini inaweza.
4. Chukua mwendo wa wastani mahali pakavu, kabla ya tope. Ndani ya tope usiongeze kwa pupa wala usibadilishe gia.
5. Tairi zikianza kuzunguka bure, punguza mafuta. Kuzunguka kunachimba shimo na kung'arisha tope.
6. Kwa gari la kuvuta mbele, yumbisha steringi kidogo kulia na kushoto. Kingo za tairi hupata pa kung'ata.
7. Likikataa, rudi nyuma moja kwa moja bila kukata kona, ujaribu mstari mwingine.

Gari la kuvuta mbele lina njia moja zaidi ambayo watu hawaitumii: kulipandisha kinyumenyume. Ukipanda kwa rivasi, tairi za mbele ndizo ziko upande wa chini wa mlima, na uzito unazirudia. Fanya hivyo tu kama njia ni fupi, imenyooka, na kuna mtu wa kukuongoza. Gari la kusukuma nyuma lisijaribu. Litapoteza kile kidogo lilichokuwa nacho.

Kuteleza nako kuna namna mbili. Pua ya gari la kuvuta mbele ikienda nje ya kona, achia mafuta taratibu na upunguze kukata steringi mpaka tairi zishike, usizidishe kukata. Mkia wa gari la kusukuma nyuma ukitoka, achia mafuta taratibu, elekeza steringi upande ule mkia unakokwenda, na mguu usiruke kwenye breki.

Kushuka, tumia gia ya chini tangu juu. Kwenye gari la kusukuma nyuma, breki ya injini inashika tairi za nyuma peke yake, kwa hiyo katika tope shusha gia mapema na kwa upole, la sivyo mkia unakupita.

Hatua ya 9: Kuegesha mlimani

Hili ni dogo lakini watu hawaambiwi. Kwenye gari la otomatiki la kuvuta mbele, P inafunga tairi za mbele na handbreki, kwa magari mengi, inafunga za nyuma. Zote nne zimeshikwa. Kwenye la kusukuma nyuma, P na handbreki zote zinashika tairi za nyuma tu. Juu ya kokoto, mkia ukiwa upande wa juu wa mlima na mwepesi, gari linaweza kuteleza likiwa limefungwa. Weka jiwe chini ya tairi ya mbele. Kwa aina zote, vuta handbreki kwanza, achia breki ya mguu gari likae, kisha kanyaga tena ndipo uweke P.

Gari likisumbua

*Injini inanguruma, gia imeingia, gari haliendi.* Kwenye tambarare, mwenzako atazame kutoka pembeni, asiingie chini. Kwa la kuvuta mbele, shafti moja ikikatika au kuchomoka, nguvu yote inapotelea upande huo na gari linasimama ingawa upande mwingine ni mzima. Kwa la kusukuma nyuma, kama propela inazunguka na tairi hazizunguki, tatizo liko difu au ekseli. Propela ikiwa haizunguki, ni gia boksi. Usikubali gia boksi ishushwe kabla ya kuangalia hilo.

*Mlio wa "ka-ka" kwenye kona.* Jointi ya nje. Unaweza kufika nyumbani polepole, lakini usianze nayo safari ya Arua.

*Mtetemo unapokanyaga mafuta, unaisha ukiachia.* Kwa la kuvuta mbele, jointi ya ndani ya shafti au mpira wa kushikia injini. Kwa la kusukuma nyuma, krosi.

*Gari linakimbilia upande mmoja.* Anza na upepo wa tairi, kisha pima joto la rimu kwa kukaribisha mkono bila kugusa: ya moto kuliko nyingine ina breki iliyoganda. Alaimenti ifuate. Kama linavuta pale tu unapokanyaga mafuta kwa nguvu, na linavuta mbele, inaweza kuwa tabia ya shafti zake zisizolingana urefu.

*La tairi nne linajibana kwenye kona kavu.* Angalia kama tairi ni za ukubwa mmoja na zimelika sawasawa. Tairi moja mpya na tatu kuukuu zinaitesa difu.

*Limeharibika njiani na linahitaji kuvutwa.* Mwambie mwenye brekidauni aina ya gari lako kabla hajafunga mnyororo. La kuvuta mbele linainuliwa mbele, tairi za nyuma zikitembea na handbreki ikiwa chini. La kusukuma nyuma linainuliwa nyuma, steringi ikiwa imefungwa imenyooka, au propela inafunguliwa kwanza. La tairi nne lipakiwe zima juu ya lori. Otomatiki iliyoburutwa tairi zake za kazi zikizunguka chini, injini imezimwa, haipati mafuta ya kulainisha gia boksi, na unaweza kutoka Lugazi na shafti iliyokatika ukafika Kampala na gia boksi iliyoungua.